Kupima tamthilia na ushairi wa Kiingereza sekondari: mwongozo kamili kwa mwalimu mwenye darasa lililojaa

Mitihani mingi ya fasihi ya Kiingereza tunayotoa kidato cha tatu na cha nne inapima madesa, yaani majibu ya kukariri yanayorithishwa kwenye madaftari. Mwanafunzi anaulizwa nafasi ya mwanamke katika tamthilia mbili alizosoma, hoja tatu kwa kila kitabu, naye anamimina hoja sita alizokariri kutoka daftari la dada yake aliyemaliza shule zamani. Utangulizi uleule, hitimisho lilelile, hata jina la mhusika limekosewa vilevile. Kitabu chenyewe hajakishika. Anapata 14 kati ya 20, na kwenye ripoti tunaandika kwamba anaelewa.

Mwongozo huu namwandikia mwalimu mwenzangu wa Mwanza, awe Igoma, Buhongwa, Kirumba au kisiwani Ukerewe, mwenye wanafunzi 80 darasani, vitabu 15 vilivyochanika majalada, na vipindi vya dakika 40. Tutatengeneza mtihani mmoja wa ndani wa alama 50 unaokaa katika vipindi viwili vilivyoungana, kisha zoezi la jukwaani. Maswali utayaandika kwa Kiingereza kama kawaida. Hapa nayaeleza kwa Kiswahili kwa kuwa tunaongea walimu kwa walimu. Mtihani wa taifa una fomati yake na Baraza la Mitihani huitoa, kwa hiyo moko, yaani mtihani wa majaribio, iache ifuate fomati hiyo. Huu ni wa katikati ya muhula, wakati ambao bado kuna nafasi ya kurekebisha.

Hatua ya kwanza: hakikisha kitabu kimesomwa

Usitunge swali lolote kabla ya hili. Tamthilia isomwe darasani kwa sauti, kila mhusika na msomaji wake, na mtu mmoja apewe kazi ya kusoma maelekezo ya jukwaani tu. Vitabu 15 vinatosha kabisa kwa mpango huo: wanaosoma wanashika vitabu, wengine wanasikiliza, kipindi kinachofuata wanabadilishana. Anayesoma maelekezo ya jukwaani ndiye nguzo, maana wanafunzi wetu huyaruka, na nusu ya tamthilia imo humo.

Wiki moja kabla ya mtihani, waulize maswali matano mafupi ambayo desa halina. Nitatumia *The Lion and the Jewel* ya Wole Soyinka katika mwongozo wote, kwa kuwa walimu wengi wanaifahamu. Tamthilia inapofunguka, Sidi amebeba nini kichwani? Nani anataka kumpokonya? Aliyesikiliza ataandika ndoo ya maji, na kwamba mwalimu Lakunle ndiye anayeing'ang'ania. Aliyekariri atakuandikia kwamba Sidi anawakilisha mwanamke wa Kiafrika. Maswali haya usiyape alama. Kama chini ya nusu ya darasa wamepata matatu kati ya matano, ahirisha mtihani na mrudi kwenye kitabu. Ukilazimisha utapima kitu ambacho hakijafundishwa.

Kuhusu tarehe, walio mjini wataona hili ni jambo la ajabu, ila wenzetu wa shule za mialoni, kwenye vituo vya wavuvi, wananielewa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Siku hizo wapo wanafunzi wanaoamkia kwenye kuanika kabla ya kuja darasani, na wengine hawaji kabisa. Angalia mwezi kabla hujaandika ratiba, na uweke mtihani siku za mbalamwezi.

Hatua ya pili: gawa alama kabla ya kutunga maswali

Jedwali la kutahini, linaloonesha alama zinavyogawanywa, wengi wetu tunalijaza baada ya mtihani, mkaguzi akikaribia. Lijaze mapema, tena liwe dogo. Mwanasaikolojia wa elimu Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956 waligawa ngazi za kufikiri katika sita, lakini kwa mtihani wa alama 50 ngazi tatu zinatosha: kukumbuka, kuelewa, na kuchambua. Kukumbuka kusizidi alama 10. Arubaini zinazobaki zigawane ngazi mbili za juu, nusu kwa nusu.

Kwa upande wa sehemu, dondoo la tamthilia lipewe alama 15, shairi geni 15 na insha 20. Muda wa dakika 80 unagawanyika hivi: dakika 5 za kusoma karatasi, 20 za dondoo, 20 za shairi, 30 za insha, na 5 za kupitia kazi. Mgawo huo uandike juu kabisa ya karatasi. Mwanafunzi asiyeambiwa muda humalizia saa nzima kwenye insha, kwa sababu ndiyo aliyoizoea.

Hatua ya tatu: dondoo la tamthilia

Hapa ndipo mtihani unaposimama au kuanguka. Chagua mistari 12 hadi 15, na ndani yake kuwe na vitu vitatu: angalau watu wawili wanaotaka mambo tofauti, maelekezo ya jukwaani, na kitu ambacho mtazamaji anakijua lakini mmoja wa wahusika hakijui. Epuka hotuba ndefu ya mtu mmoja. Epuka pia ile sehemu maarufu inayonukuliwa kwenye kila desa.

Mfano mzuri ni pale Sidi anapoingia chumbani kwa Baroka, mtawala mzee wa kijiji, sehemu ya usiku, na kumkuta mzee akipigana mieleka na mtu wake. Msomaji anakumbuka kilichotangulia: Baroka amemnong'oneza mke wake mkubwa, Sadiku, kwamba nguvu za kiume zimemwishia, naye Sadiku akashindwa kuibana siri hiyo. Sidi amekuja kumcheka mzee huku akijifanya amekuja kuomba radhi kwa kukataa mwaliko wake. Sasa tunga maswali matano juu ya mistari hiyo.

La kwanza, alama 2: ni nani walio jukwaani, na wako wapi? Hili ni la kumpa kila mtu pa kuanzia.

La pili, alama 3: kwa nini Sidi amekuja hapa usiku huu? Jibu kamili lina mambo matatu, yaani siri, aliyeitoa, na nia ya kumdhihaki mzee. Kila moja alama moja.

La tatu, alama 3, linahusu macho: mtazamaji anaona nini jukwaani kinachopingana na ile siri? Mzee aliyeishiwa nguvu anawezaje kupigana mieleka? Swali hili halijibiki kwa kukariri, kwa sababu jibu limo kwenye maelekezo ya jukwaani na wala si kwenye maneno ya wahusika.

La nne, alama 3: Sidi anaficha nini katika maneno yake? Nukuu maneno kutoka kwenye dondoo yanayoonesha kwamba anaficha. Alama moja ni ya jibu, mbili ni za maneno aliyonukuu na maelezo yake.

La tano, alama 4: nani hasa ametegwa katika onesho hili? Thibitisha kwa tukio linalofuata. Mwanafunzi mzuri ataona kwamba Sidi alidhani yeye ndiye anayetega, kumbe ile siri yenyewe ilikuwa chambo cha Baroka, na mwisho wake binti huyo anaolewa naye.

Sasa jumlisha alama za kukumbuka. Swali la kwanza na la pili, jumla alama 5. Upo ndani ya jedwali lako.

Kuna walimu wanaoona aibu kuweka onesho hili mbele ya wanafunzi. Naheshimu, ila kitabu ni hichohicho na wanafunzi wamekisoma. Ukiuliza kwa lugha ya staha watajibu kwa staha. Kama mazingira ya shule yako hayaruhusu, chukua ule mvutano wa ndoo ya maji mwanzoni: una watu wawili wanaopingana, una maelekezo ya jukwaani, na kejeli imejaa, maana Lakunle anayejiita mtu wa maendeleo ndiye anayemwambia Sidi kwamba ubongo wa mwanamke ni mdogo kuliko wa mwanamume.

Hatua ya nne: shairi ambalo hawajawahi kuliona

Ukiuliza mashairi mliyosoma, unapima tena madesa. Weka shairi geni. Wanafunzi watanung'unika, "Madam, hili tumelisoma wapi?" Waambie mapema, wiki mbili kabla, kwamba litakuwa geni, na wafanyie mazoezi ya mashairi mageni mawili matatu darasani. Shairi lisizidi mistari 16 na maneno magumu yasizidi manne, ambayo maana zake utaziandika chini ya shairi. Unapima kusoma shairi. Msamiati una mtihani wake.

Kwa kidato cha pili na cha tatu napenda shairi fupi la Christina Rossetti, *Who Has Seen the Wind?*, lililotoka mwaka 1872. Ni beti mbili za mistari minne minne, lugha yake nyepesi, na halina tena mwenye haki za kudai. Tena linahusu upepo, kitu ambacho mtoto wa kando ya Ziwa Viktoria hahitaji kuelezwa: upepo hauonekani, anachokiona ni maji yakichafuka na mitumbwi ikirudi. Rossetti anasema karibu hivyohivyo, isipokuwa yeye anatumia majani na miti.

Shairi linauliza nani ameuona upepo, na kujibu kwamba si mimi wala wewe. Ubeti wa kwanza, majani yananing'inia yakitetemeka. Ubeti wa pili, miti inainamisha vichwa. Maswali yangu juu yake ni haya.

Nani anasema, na anasema na nani? Alama 2. Onyo kwa msahihishaji: jibu "mshairi" pekee lipate alama moja. Wanafunzi waliozoea nafsineni katika ushairi wa Kiswahili wanajua kutofautisha mtunzi na msemaji, lakini wakifika kwenye Kiingereza wanasahau kana kwamba ni somo la sayari nyingine.

Taja picha mbili zinazotuonesha kwamba upepo upo, na ueleze kila picha inakufanya uhisi nini. Alama 4, mbili kwa kila picha. Neno tashihisi likitajwa peke yake, bila kuonesha ni kipi kimepewa ubinadamu na kwa nini, lisipate kitu. Orodha za tamathali za semi ndiyo ugonjwa mkubwa wa darasa la ushairi: mwanafunzi anataja tashbiha, sitiari, tashihisi na takriri, kisha anaweka nukta kana kwamba amemaliza.

Kwa nini swali linarudiwa katika ubeti wa pili? Alama 3. Pokea jibu lolote linalojengwa juu ya shairi, kwa mfano kwamba mtoto huuliza tena na tena, au kwamba jibu la kwanza halikumridhisha, au kwamba marudio yanafanana na upepo unaovuma na kurudi.

Swali linalofuata ndilo linalochuja. Katika ubeti wa kwanza jibu linaishia na neno "you", katika ubeti wa pili linaishia na "I". Kwa nini mshairi amegeuza mpangilio? Alama 3. Jibu limo kwenye vina: "you" inalingana na "through" mwishoni mwa ubeti wa kwanza, na "I" inalingana na "by" mwishoni mwa ubeti wa pili. Mwanafunzi akiongeza kwamba kugeuza kunamweka msemaji na msikilizaji katika hali moja, hakuna aliyemzidi mwenzake, mpe na hiyo.

La mwisho, alama 3: shairi linaacha hali gani moyoni, ya hofu, ya kustaajabu au ya utulivu? Chagua moja na uitetee kwa maneno ya shairi. Alama hapa ni za utetezi. Wawili wanaweza kuchagua tofauti na wote wakapata tatu.

Nirudi kidogo kwenye vina, maana hapa wanafunzi wetu huonewa bila sababu. Mtoto aliyelelewa na shairi la kimapokeo la Kiswahili hutafuta vina kwa macho, na kwa Kiswahili macho yanatosha kwa sababu tunaandika kama tunavyotamka. Mizani nayo ni hesabu ya silabi, nane kwa nane, kumi na sita. Akikutana na Kiingereza, anaangalia "you" na "through", haoni herufi zinazofanana, anaandika kwamba shairi halina vina. Anahesabu silabi za mstari, hazilingani na wa chini yake, anaandika kwamba halina mizani. Lakini vina vya Kiingereza ni vya sikio, na mizani yake hufuata mkazo wa sauti: mstari wa soneti ya Shakespeare kwa kawaida una mikazo mitano, na soneti nzima ina mistari 14. Kwa hiyo usiulize kuhusu vina kama shairi halijasikika. Siku ya mtihani, msimamizi alisome shairi kwa sauti mara mbili, taratibu, mwanzoni mwa zile dakika 20. Hili ni jambo dogo sana, na linabadilisha majibu ya chumba kizima.

Maswali ya kuhesabu beti na mishororo yaache. Hata asiyejua Kiingereza anaweza kuhesabu beti.

Hatua ya tano: insha yenye mgogoro ndani yake

Swali la insha linaloanza na "eleza dhamira" linaita desa lije. Liandike kama kauli ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuikubali au kuikataa, na kitabu kiwe na ushahidi wa pande zote mbili. Kwa mfano: Baroka ni adui wa maendeleo. Je, unakubali?

Desa litasema ndiyo, kwa sababu Baroka ni mila na Lakunle ni usasa. Aliyesoma ana kazi ngumu zaidi. Anajua kwamba Baroka alimhonga mpimaji ili reli ipite kwingine, na hapo kauli inapata nguvu. Halafu anakumbuka mashine ya kuchapa stempu chumbani kwa mzee huyohuyo, ile aliyomwahidi Sidi kwamba sura yake itachapwa humo na kusafiri na barua. Na anakumbuka maelezo ya Baroka mwenyewe, kwamba hachukii maendeleo, anachochukia ni tabia yake ya kufanya mapaa yote na nyuso zote zifanane. Akiweza kushika reli kwa mkono mmoja na stempu kwa mkono mwingine, akaamua, huyo amesoma.

Kwa kidato cha nne ongeza tamthilia ya pili. *Three Suitors: One Husband* ya Guillaume Oyono-Mbia inaingia vizuri kwenye swali la mahari: familia ya Juliette imeshapokea faranga 100,000 za mchumba mmoja na 200,000 za mwingine, naye binti anazichukua fedha zote na kumpa Oko, mwanamume anayempenda, ili amlipie mahari kwa fedha hizohizo. Hapo wanafunzi wa Usukumani watakuwa na mengi ya kusema, maana mahari ya ng'ombe wanaijua tangu nyumbani. Wengine watajaza kurasa mbili kuhusu shangazi yao na ng'ombe wake bila kumtaja Juliette. Andika kwenye swali lenyewe: ushahidi utoke kwenye vitabu. Ukitaka maoni yao ya nyumbani, na ni vizuri kuyataka, yaombe katika mjadala wa darasani kabla ya mtihani.

Hatua ya sita: mwongozo wa kusahihishia uandikwe siku ileile unapotunga

Insha ya alama 20 igawe hivi. Hoja tatu, kila moja alama 4: moja ya hoja yenyewe, mbili za ushahidi kutoka kwenye matukio au maneno ya kitabu, moja ya kuufunga ushahidi na swali. Hiyo ni 12. Mpangilio na msimamo, 4. Lugha, 4. Ile alama moja ya kutaja hoja ndiyo pekee anayoweza kuchuma aliyekariri, kwa hiyo kutoka kwenye hoja hataondoka na zaidi ya 3 kati ya 12.

Lugha ipimwe mahali pamoja tu. Wanafunzi hawa wamefika kidato cha kwanza wakitoka kwenye miaka ya Kiswahili, na miaka miwili mitatu baadaye bado sentensi zao zinachechemea. Akiandika "Baroka he is not hate progress" kisha akaleta habari ya mapaa na nyuso, mpe alama zote za hoja, ukamkate kwenye zile 4 za lugha. Ukimkata kote kote unaacha kupima fasihi.

Andika pia majibu usiyoyatarajia. Kaa na mwalimu mwenzako, mpe maswali bila mwongozo, muone atajibu nini. Akitoa jibu zuri ambalo wewe hukuliandika, liongeze.

Hatua ya saba: karatasi na chumba

Dondoo na shairi vikae kwenye karatasi moja, mbele na nyuma. Kopi 80 zinatosha, na maswali ya insha unaweza kuyaandika ubaoni ukiokoa gharama za steshenari. Nambari mistari ya dondoo kila baada ya mistari mitano, ili mwanafunzi aandike "mstari wa 7" badala ya kunakili yote. Mwenye uoni hafifu atolewe kopi ya herufi za ukubwa wa 18 au zaidi, na apewe muda wa ziada.

Madawati yakiwa ya watu watatu watatu, kuchungulia hakuzuiliki kwa macho ya msimamizi mmoja. Andaa madondoo mawili ya uzito sawa, moja la waliokaa pembeni, jingine la waliokaa katikati. Ni kazi ya jioni moja, na inazidi kelele zote za "angalia karatasi yako".

Hatua ya nane: kusahihisha

Sahihisha swali kwa swali. Pitia dondoo la wanafunzi wote 80, changanya karatasi, ndipo uingie kwenye shairi, mwisho insha. Ukisahihisha mwanafunzi mmoja mmoja toka mwanzo hadi mwisho, dondoo zuri litakufanya uione insha yake nzuri hata kama si nzuri. Majina yakunjwe au watumie namba.

Kama mko wawili, anzeni na karatasi tano, kila mmoja azisahihishe bila kuona alama za mwenzake. Mkitofautiana kwa zaidi ya alama 2 kwenye insha, kaeni muulizane ni wapi mmeachana kwenye mwongozo. Baada ya hapo gawaneni. Insha moja ikichukua dakika 4, darasa la 80 ni saa 5 na dakika 20, kwa hiyo usijidanganye kwamba utamaliza usiku mmoja. Macho ya saa sita usiku hutoa alama za saa sita usiku.

Hatua ya tisa: jukwaa

Tamthilia isiyowahi kusimamishwa imepimwa nusu. Vikundi vya watu watano, kila kimoja dakika 4, ni vikundi 16 na dakika 64. Kubadilishana kunachukua zilizobaki hadi vipindi viwili viishe. Nje kuna mwembe au kuna mawe, na Mwanza mawe hayajawahi kukosekana. Shule nyingi zina jukwaa la bure ambalo hakuna aliyelijenga.

Alama 20: kumwelewa mhusika 8, sauti inayosikika na yenye maana 4, mwili na nafasi 4, kushirikiana 4. Waoneshe mgawo huo siku wanapopewa zoezi. Watoto wa Usukumani wanajua kuhukumu onesho kabla hawajafika shule. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja na linalovuta watu wengi ndilo linaloshinda. Darasani kipimo hicho kitalipa ushindi kundi lenye makelele na kichekesho. Ndiyo maana kumwelewa mhusika kumepewa uzito mkubwa. Baada ya onesho, muulize mwigizaji mmoja swali moja: kwa nini uligeuza mgongo pale? Akiwa na sababu, utajua. Swali hilo akilijibu kwa Kiswahili, usimkatishe. Hapo unapima kama amemwelewa mtu aliyemwigiza.

R na L zisimkoseshe mtu alama. Kisukuma hakina R, na anayesema "Baloka" anaweza kuwa Baroka bora kuliko wote. Alama za sauti ni za kusikika na kubeba maana.

Hatua ya kumi: mtihani nao usahihishwe

Panga karatasi kutoka alama ya juu hadi ya chini. Chukua 20 za juu na 20 za chini. Kwa kila swali tafuta wastani wa kila kundi, toa wa chini kwenye wa juu, kisha gawa kwa alama kamili ya swali. Swali la tatu la dondoo lina alama 3. Kundi la juu likiwa na wastani wa 2.4 na la chini 0.9, tofauti ni 1.5, ukigawa kwa 3 unapata 0.5. Swali hilo linatenganisha vizuri, litunze. Chini ya 0.2, lisome upya, huenda Kiingereza chako mwenyewe hakieleweki. Ikiwa hasi, maana yake walio chini wamewazidi walio juu, basi ama mwongozo una kosa ama desa limepenya. Lifute kwenye jumla kabla hujapeleka alama kwa mwalimu wa taaluma.

Kisha angalia darasa zima limeanguka wapi. Wakianguka kwenye maelekezo ya jukwaani, wiki inayofuata someni onesho moja kwa kuyasoma hayo tu, bila mazungumzo, na waambie wakisie nini kinasemwa. Wakianguka kwenye "you" na "I", waimbishe shairi. Wakianguka kwenye ushahidi wa insha, warudishie insha zao pamoja na vitabu, wape kipindi kimoja wajaze zile alama mbili mbili walizozikosa, na uwaongezee nusu ya watakachopata.